Hiace ya 3L inayopoteza maji bila kudondosha: uchunguzi kabla ya kufungua hedi

Gari lenyewe ni Toyota Hiace ya miaka ya 1990, injini ya dizeli ya 3L yenye ujazo wa sisi (cc) 2,779, linalobeba abiria kati ya Mbeya na Tukuyu. Malalamiko ya dereva yalikuwa mafupi: gari linakunywa maji. Kila asubuhi anaongeza karibu lita moja kwenye rejeta, na bado likipandisha kutoka Igawilo kwenda Isongole mshale wa joto unavuka katikati. Siku moja mshale ulipanda, kisha ukaporomoka ghafla mpaka chini huku mvuke ukitoka mbele. Dereva alidhani injini imepoa. Kumbe kihisi cha joto kilishabaki mkavu, kimezungukwa na mvuke badala ya maji, na kihisi kisichoguswa na maji hakiwezi kukwambia ukweli. Bahati nzuri alizima injini papo hapo.

Likilala uwanjani, ardhi chini yake inaamka kavu. Hapo ndipo penye kisa.

Mzee mwenye gari alishalipeleka gereji nyingine kabla ya kuja kwetu, na hukumu ilishatolewa: gasketi ya silinda hedi, ile sili bapa kati ya bloku ya injini na kichwa chake (hedi), imeungua, hedi ifunguliwe. Hukumu hiyo ilikuwa na msingi. Maji yanapungua lakini hayaonekani chini. Asubuhi moshi ni mweupe. Chini ya kifuniko cha oili kuna ute wa rangi ya maziwa. Na walipopiga presha kwenye mfumo wa maji, mshale wa pampu ulishuka bila tone kuanguka chini ya injini. Fundi yeyote akiyasikia manne hayo kwa pamoja mkono unamwasha kushika spana. Nimeamua kukieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu mambo yote manne yalikuwa kweli, tuliyaona kwa macho yetu, na hata hivyo hedi ya gari hili ilikuwa nzima.

Kufungua hedi ya 3L kwenye Hiace si kazi ndogo. Injini iko chini ya viti vya mbele. Unatoa mkanda wa taimingi, manifodi, mabomba ya nozeli; unanunua gasketi, unapeleka hedi kusagwa, unarudisha boliti na kuzikaza kwa hatua. Siku zote hizo gari haliingizi hata senti. Tena hedi za ukoo huu wa injini za L zina historia ya kupasuka baada ya kuchemshwa, kwa hiyo ikishalala mezani mtu ataitafuta nyufa mpaka aione, na mwenye gari ataambiwa anunue nyingine. Ndiyo maana nashikilia kwamba hedi haifunguliwi kwa sababu tu maji hayaonekani yanakokwenda. Hedi ifunguliwe pale moshi wa silinda unapokutwa ndani ya maji, au maji yanapokutwa ndani ya silinda.

Kilichonipa shaka ya kwanza hakikuwa kipimo. Ni jibu la dereva.

"Maji unaongeza wapi?"

"Kwenye rejeta, fundi. Rizevu haina shida, iko vilevile tangu mwezi uliopita."

Wengi wangelipita jibu hilo la rizevu, ile chupa ya akiba ya maji iliyounganishwa na rejeta. Lakini kifuniko cha rejeta kina vali mbili. Ile kubwa yenye springi huzuia presha mpaka ifike kiwango kilichoandikwa juu yake, na kwenye hiki ilikuwa imeandikwa 0.9, yaani kilo 0.9 kwa sentimita moja ya mraba. Maji yakipata moto yakatanuka kupita hapo, hutoka kwenda rizevu. Vali ndogo iliyo katikati hufanya kinyume: injini ikipoa, maji yanasinyaa, mvuto unaingia kwenye mfumo, na vali hiyo inafunguka ili maji yarudi kutoka rizevu. Kwa hiyo mfumo uliofungika vizuri unapandisha rizevu ukipata moto na kuishusha ukipoa. Rizevu isiyopanda wala kushuka wakati rejeta inapungua inakueleza jambo moja: mvuto wa kupoa unapata njia rahisi zaidi ya kuvuta. Unavuta hewa, kutoka mahali ambapo mchana palikuwa panatoa maji.

Gasketi iliyoungua kuelekea kwenye silinda kwa kawaida inafanya kinyume chake. Inasukuma gesi ndani ya maji, gesi inasukuma maji kwenda rizevu, na rizevu inajaa mpaka inamwaga. 3L inagandamiza hewa takriban mara 22 kabla ya kuchoma. Presha ya ndani ya silinda inapita mara nyingi sana ile 0.9 ya kwenye maji. Tundu kati ya vyumba viwili kama hivyo haliwezi kukaa kimya mwezi mzima huku rizevu imetulia.

Basi tukauanza ushahidi upya, kimoja kimoja.

Moshi mweupe wa asubuhi kweli ulikuwepo. Mbeya iko kwenye kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai ni za baridi ya kweli. Dizeli ya zamani ikiwashwa kwenye baridi hiyo, silinda ambayo haijapata joto inatupa mafuta yasiyoungua, nayo hutoka kama moshi mweupe. Namna ya kutofautisha ni kusogea karibu. Mvuke wa maji unatoweka haraka ukishatoka kwenye ekzosi na haukuumizi macho. Huu ulining'inia hewani, ulinuka dizeli mbichi na ulichoma macho. Tukapima hita plagi, zile zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha, kwa taa ya majaribio: ya silinda ya tatu ilikuwa imekufa. Tulipoibadilisha, injini ikawaka kwa utulivu na moshi ukapungua mpaka ule wa kawaida wa baridi.

Ute chini ya kifuniko cha oili ulikuwa mwembamba, umekaa kwenye kifuniko peke yake. Stiki ya oili ilitoka na oili nyeusi safi, na kiwango chake hakikuwa kimeongezeka. Maji yakiingia kwenye oili kwa wingi wa lita kwa siku, kiwango kingepanda na oili yote ingegeuka rangi. Ute wa kwenye kifuniko tu mara nyingi ni jasho la injini: mvuke unaganda kwenye chuma baridi, hasa kwenye injini isiyofikia joto lake. Na hii haikuwa ikilifikia, kwa sababu tulipofungua nyumba ya themostati, vali inayozuia maji kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, tulikuta tupu. Mtu fulani huko nyuma aliing'oa, kama inavyofanyika sana kwetu gari likianza kuchemsha. Kwenye tambarare injini ilitembea baridi, kwenye mlima ikachemka kwa upungufu wa maji, na dereva akawa haelewi geji yake inasema nini.

Kisha kipimo cha gesi. Injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, tuliweka kifuniko cha rejeta, tukawasha, tukashika mpira wa juu wa rejeta baada ya dakika moja hivi. Ulikuwa laini. Gesi ya silinda ikivuja, mpira huo unakuwa mgumu mapema kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, kwa sababu kinachojaza presha si joto. Tukatoa kifuniko, tukajaza maji mpaka shingoni, tukakanyaga mafuta kidogo kidogo. Vilitoka viputo vichache mwanzoni, hewa iliyokuwa imebaki humo, halafu maji yakatulia. Ipo pia dawa ya bluu inayobadilika rangi ikikutana na kaboni dayoksaidi. Ni nzuri, ila kwa dizeli inayonguruma taratibu moshi una hewa nyingi ya ziada na kaboni dayoksaidi kidogo, kwa hiyo dawa ikibaki bluu isikutoe wasiwasi wote. Mpira wa rejeta kwenye injini baridi mimi nauamini zaidi.

Tukabaki na ushahidi wa nne, ambao ndio uliompeleka fundi wa kwanza kwenye hedi: mshale unashuka, na hakuna maji chini ya injini.

Hapa inabidi kwenda polepole. Pampu ya kupimia unaifunga kwenye shingo ya rejeta mahali pa kifuniko, unasukuma mpaka 0.9, usizidishe, unaacha. Injini iwe imepoa. Ukipima injini ikiwa moto, maji yanasinyaa kadiri yanavyopoa na mshale utashuka hata kwenye mfumo mzima. Pia pampu yenyewe inaweza kuvuja pale inapokaa kwenye shingo, kwa hiyo tulipaka maji ya sabuni kuzunguka shingo na kwenye maungio ya pampu. Hakukuwa na povu. Mshale ulishuka kutoka 0.9 mpaka karibu 0.6 ndani ya dakika kumi. Uvujaji ulikuwepo, hilo halikuwa na ubishi.

Tukapita kila mahali pa kawaida. Mpira wa juu, mpira wa chini, klipu zake, maungio ya tangi za rejeta. Kitundu kidogo kilicho chini ya pampu ya maji, kile kinachotoa tone sili ya shafti ikichoka, kilikuwa na doa kavu la zamani lakini hakikuwa kimelowa. Vile vifuniko vya duara vinavyogongelewa ubavuni mwa bloku vilikuwa na kutu ya juujuu tu. Nyuma ya hedi, mahali pagumu kufika kwenye Hiace, tuliingiza kioo kidogo na tochi. Kukavu.

Fundi wa kwanza alifika hapa, naye akafanya hesabu inayoonekana sawa: maji hayatoki nje, basi yanaingia ndani. Tatizo la hesabu hiyo ni neno "nje". Alichokiangalia ni injini na rejeta. Mfumo wa maji wa Hiace hii hauishii hapo.

Tulifanya mambo mawili kuumaliza ubishi. La kwanza, tuliacha presha ikiwa 0.9, tukatoa hita plagi zote nne, tukaziba pampu ya dizeli isipeleke mafuta, tukapiga stata. Silinda yenye maji ingeyarusha kupitia tundu la hita plagi. Matundu manne yalitoa hewa kavu. Kwa kuwa presha ilikuwa imesimama muda mrefu kwenye njia za maji, hilo lilitosha kuiachia hedi huru.

La pili ndilo lililofungua kisa. Kutoka nyuma ya injini inatoka mipira miwili ya hita, mmoja unapeleka maji moto na mwingine unarudisha. Tuliitoa, tukaunganisha mdomo wa kwenda na wa kurudi kwa kipande kifupi cha mpira wa hita ili maji yazunguke injini na rejeta tu. Tukasukuma tena mpaka 0.9. Mshale ukasimama. Tulikunywa chai, tukarudi, mshale uko palepale.

Sasa tulijua bila kugusa boliti hata moja ya hedi kwamba maji yanapotelea kwenye njia ya hita. Hiace nyingi zilizokuja kutoka Japani zina hita mbili: ya mbele ndani ya dashibodi, na ya nyuma chini ya viti vya abiria. Hita ya mbele ikivuja, zulia la upande wa miguu linalowa, ndani kunanuka utamu wa kulanti (dawa ya kupoozea injini inayochanganywa na maji) kama imewekwa, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta usiofutika kirahisi. Vyote havikuwepo. Sakafu kuzunguka hita ya nyuma nayo ilikuwa kavu. Lakini kati ya hita hizo mbili kuna mabomba mawili ya chuma yanayopita nje, chini ya sakafu, yameshikwa kwenye bodi kwa vishikizo vya bati. Kwenye gari hili maji yalipita humo muda wote injini ikiwa hai, feni ya hita iwashwe au isiwashwe. Dereva alikuwa hajui kama yapo. Mwenye gari pia hakujua, na feni ya nyuma ilishakufa zamani.

Tukarudisha mipira mahali pake, tukapandisha gari kwenye stendi, tukasukuma presha, tukalala chini na tochi.

Mabomba yalikuwa yamefunikwa na tope kavu lililochanganyika na oili. Tulianza mbele tukarudi nyuma, tukikwangua kwa brashi ya waya. Sehemu kubwa ya chuma ilikuwa imara. Karibu na katikati ya gari, kwenye kishikizo cha tatu, tope lilikuwa na rangi nyingine: jekundu la kutu, na lilikuwa na unyevu kwenye ukingo mmoja tu, wa upana wa kidole. Nilikwangua kwa ncha ya bisibisi. Bati la kishikizo lilivunjika vipande. Chini yake bomba lilikuwa limeliwa likawa jembamba, na kwenye ule wembamba kulikuwa na kitundu cha sindano kikitoa ukungu wa maji usiosikika, ambao ulipiga kwenye sakafu ya gari na kusambaa. Hata likiwa limesimama, na presha imejaa, maji hayakudondoka. Yalilowesha tope, tope likayanywa.

Inaeleweka kwa nini pale. Kishikizo kinashika tope, tope linashika unyevu, na chuma kinachokaa na unyevu mwaka mzima kinaoza kutoka nje. Kwa ndani, mfumo ulikuwa umejazwa maji ya bomba kwa miaka mingi bila kulanti, kwa hiyo kutu ililila bomba kutoka pande zote mbili. Kwa nini uwanja ulikuwa mkavu asubuhi nako kunaeleweka: gari likisimama linapoa, presha inaisha, na kitundu kidogo kiasi kile bila presha kinaacha kutoa na kuanza kuvuta hewa. Maji yote yalikuwa yakipotea barabarani, upepo wa chini ya gari ukiyabeba.

Presha yenyewe ndiyo inayoeleza kuchemka kwenye mlima. Kwenye urefu wa Mbeya maji yaliyo wazi yanachemka kwenye nyuzi joto 94 hivi. Kifuniko cha 0.9 kikishikilia, kiwango hicho kinapanda mpaka takriban 115. Kitundu cha sindano kilikuwa kinamnyang'anya dereva sehemu kubwa ya nafasi hiyo, juu ya lita aliyokuwa akiipoteza.

Kuhusu tiba, kijana mmoja gereji alipendekeza kuchomelea. Nilikataa. Chuma kilicholiwa kwa nje na ndani hakishiki weldi. Ukiziba hapa, joto linafungua sentimita mbili mbele. Poda za kuziba nazo sikutaka kuzisikia kwenye mfumo wenye rejeta ya zamani, kwa sababu zinaziba tundu lako na njia ndogo za rejeta bila kuchagua. Kulikuwa na njia mbili za haki: kubadilisha mabomba yote mawili, au kuiondoa hita ya nyuma kwenye mzunguko. Nilimwonyesha mzee kipande cha kishikizo kilichovunjika mkononi.

"Hiyo hita ya nyuma inafanya kazi?" akauliza.

"Hapana, mzee. Feni yake imekufa, ila maji bado yanapita."

"Basi iondoe. Ya mbele iniachie, dereva wangu asigande."

Tukakata mzunguko wa nyuma pale mabomba yanapoachana na ya mbele, tukaunganisha kwa mpira halisi wa hita wenye nyuzi ndani na klipu mpya. Naomba mafundi wenzangu hili walichukulie kwa uzito: mpira wa kumwagilia bustani hauvumilii maji ya nyuzi 90 yenye presha. Unalainika, unavimba, halafu unapasukia mbali na nyumbani.

Tulisafisha mfumo mpaka maji yakatoka bila wekundu. Themostati mpya ikawekwa, na kifuniko kipya cha 0.9, kwa kuwa springi ya kile cha zamani ilikuwa imelegea. Tukajaza kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyosafishwa, si asidi. Kutoa hewa kulichukua subira: pua ya gari ikiwa juu, kifuniko wazi, kidhibiti cha hita ya mbele kwenye moto, injini ikinguruma mpaka themostati ikafunguka na mpira wa chini ukapata joto, huku tukiongeza kidogo kidogo kila kiwango kiliposhuka.

Tulipiga presha mara ya mwisho baada ya injini kupoa, na mshale ulikaa kwenye 0.9. Gari likapelekwa Isongole na kurudi likiwa na mzigo. Mshale wa joto haukuvuka katikati. Rizevu ilipanda likiwa moto, na asubuhi ilikuwa imeshuka mpaka kwenye alama ya chini, jambo ambalo dereva alisema hajawahi kuliona tangu alikabidhiwe gari.

Kimebaki kile kitundu cha pampu ya maji. Doa lake ni kavu, lakini ni doa. Sasa kwamba mfumo unashika presha yake kamili, sili iliyochoka itaonyesha mapema. Dereva ameelekezwa afungue kifuniko cha rejeta kila asubuhi kabla ya kuwasha, asiitegemee rizevu peke yake, na apitishe kidole chini ya pampu. Kikirudi na rangi ya kulanti, alete gari.